Laki na themanini na tano za kutoa "sumu" mwilini

Jamani naomba nianze na beseni, maana mambo yote haya yalianzia kwenye beseni.

Novemba 2024 kuna dada tunafanya naye kazi, simtaji, alikuwa ananiambia kila siku "mwenzangu wewe una sumu nyingi, angalia hata uso ulivyochoka", na mimi kweli nilikuwa nimechoka, tumbo limejaa gesi toka asubuhi, sketi zinabana kiunoni ikifika saa tisa, choo napata siku ya tatu au ya nne na kikija kinakuja kwa mbinde. Basi Jumamosi moja nikajikuta Kariakoo ghorofa ya tatu, ofisi ina kiyoyozi kikali na mapazia ya zambarau, nimevua viatu, miguu iko kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, na katikati ya beseni kuna kidude cha chuma kimeunganishwa kwa waya na mashine ya taa za kijani. Kabla ya hapo nilishikishwa kifimbo dakika moja hivi, kompyuta ikatoa majibu kwamba ini limechoka, figo zina uchafu, na utumbo una kinyesi cha miaka saba. Miaka saba! Yani hicho kinyesi kilihamia kabla sijaolewa.

Dakika kumi maji yakaanza kuwa rangi ya chai ya rangi. Dakika ishirini yakawa kama supu ya maharage, povu juu, na vipande vipande vyeusi vinaelea. Mhudumu (wanavaa makoti meupe ila sio madaktari, nilikuja kujua baadae) akawa ananisomea beseni kama mtu anayesoma ramani, hii kahawia ni ya kwenye viungo, hii nyeusi ni ya ini, hili povu ni mfumo wa limfu. Mwenzenu nikalia. Nalia huku naangalia uchafu wangu mwenyewe, nawaza miaka yote hii nimembebea mume wangu gunia la sumu kitandani.

Nikalipa 185,000. Nikapewa maboksi mawili ya chai ya kunywa usiku, chupa ya vidonge vya kijani, na beseni jipya la bluu la zawadi lenye nembo ya kampuni pembeni, kwa ajili ya kuloweka miguu nyumbani. Sikuwahi hata kulilowekea miguu kwasababu kumbe chumvi yake inauzwa peke yake.

Sasa ile chai. Unakunywa saa tatu usiku, kazi inaanza alfajiri. Mimi naishi Kimara kazini ni Posta, kwahiyo fikiria mtu wa hali hiyo ndani ya mwendokasi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mmesimama mmebanana hadi pumzi mnapokezana, na tumbo linaanza kuongea. Siku ya pili nilishuka Manzese. Siku ya tatu nilishuka Magomeni nikamuomba mama ntilie anioneshe choo, alinionea huruma sana yule mama, hata hela hakuchukua. Siku ya nne nikaanza kuondoka nyumbani saa kumi na moja ili kama kuna kushuka njiani nishuke na bado niwahi kazini.

Na kwenye grupu la WhatsApp walilotuunganisha, kila ukilalamika jibu ni moja tu. Kichwa kinauma? Ndo sumu zinatoka. Unatetemeka? Sumu zinatoka. Unaharisha mara saba kwa siku? Hongera mpendwa, sumu zinatoka! Na ukiwa huna dalili yoyote wanakwambia sumu zako ni sugu, ongeza boksi. Nilivyokuja kutulia nikaona huo mtego ulivyotengenezwa, hakuna kitu kinachoweza kukutokea ambacho kitawafanya waseme dawa haifanyi kazi. Siku ya sita nilipanda mzani nikakuta nimepungua kilo tatu, nikapiga picha nikatuma kwenye grupu, nikapewa makofi na maua. Kilo tatu za maji na choo, zilirudi zote ndani ya wiki.

Siku ya tisa napanda ngazi za ofisini, msuli wa mguu ukanikaza nikashindwa kunyanyua hatua, moyo unadunda bila mpangilio, macho yakaingia giza. Baba watoto akaja kunichukua, moja kwa moja hospitali. Daktari aliyenipokea ni kijana mdogo tu, akaniuliza dada unatumia dawa gani, nikasema situmii dawa yoyote, natumia chai tu ya kutoa sumu. Alivyosikia hivyo akaweka kalamu chini. Baba watoto akamuonesha boksi, akasoma yale maandishi madogo ya chini kabisa alafu akacheka kidogo, akasema hii ni sanamaki.

Sanamaki! Yani ile sanamaki ya kwa wauza dawa za asili, majani makavu ambayo jirani yetu mmoja wa Unguja alikuwa anayo kwenye kopo jikoni tangu nakua, ambayo sokoni unafungiwa kwenye gazeti kwa buku mbili. Mimi nimeinunua kwa laki na zaidi kwasababu imewekwa kwenye kamfuko na picha ya mwanamke mwembamba.

Majibu ya damu yalirudi madini ya potasiamu yameshuka, ndo maana misuli inakaza na moyo unaruka. Nikawekewa dripu. Yule daktari hakunigombeza, alinielezea vizuri sana na mpaka leo namshukuru. Akasema sanamaki yenyewe sio mbaya, ni dawa halali kabisa ya mtu aliyekosa choo, inatumika mahospitalini dunia nzima, ila ni ya siku chache na sio ya kutoa sumu. Na akaniambia kitu ambacho sikukitegemea, kwamba ile dawa iliyoko kwenye jani la sanamaki ikifika tumboni haifanyi chochote, inashuka mpaka utumbo mpana, na huko bakteria wanaoishi humo ndo wanaikata na kuigeuza kuwa kitu kinachouchokoza utumbo usukume. Inachukua masaa sita mpaka kumi na mbili, ndo maana unakunywa usiku unaadhibiwa asubuhi. Kwahiyo hata hao waliokuwa wananiambia wanasafisha tumbo langu walikuwa wanategemea walewale wadudu wa tumboni wawafanyie kazi, alafu wanawafukuza kwa kuharisha.

Na kinyesi cha miaka saba? Hakipo. Ngozi ya ndani ya utumbo inajibadilisha kila baada ya siku chache, seli za zamani zinadondoka mpya zinapanda, hakuna ukuta wa kugandia kitu miaka saba.

Nikarudi nyumbani na hasira ya beseni. Maana sanamaki nimeelewa, ila lile beseni niliona kwa macho yangu maji yakibadilika! Nikamsimulia kaka mmoja fundi friji pale mtaani, akasikiliza, akacheka, akasema subiri. Akaleta ndoo ya maji, akatia chumvi kijiko, akatumbukiza misumari miwili akaiunganisha na betri ya gari (msijaribu nyumbani jamani, yule ni fundi na alifanya nje penye hewa). Hakuna mguu wa mtu ndani ya ndoo. Dakika kumi chai ya rangi. Nusu saa supu ya maharage, povu juu, na vipande vyeusi. Ni kutu. Umeme unapita kwenye maji ya chumvi unakula chuma, chuma kinatoa kutu, ukiongeza chumvi rangi inazidi. Nilisimama pale nikaitazama ile ndoo, nikamwambia kaka yangu kumbe nililia kwa ajili ya kutu ya msumari. Akasema dada, na msumari wenyewe haukuwa wako.

Kwenye lile grupu kulikuwa na mwingine anapigia debe mafuta ya zeituni na limao usiku ili utoe mawe ya nyongo, watu wanapiga picha vitu vya kijani vimetoka chooni kama zaituni. Mwaka 2005 kwenye jarida la Lancet kuna madaktari waliandika kuhusu mgonjwa aliyewaletea mawe ya namna hiyo, wakayapima, ni sabuni. Mafuta aliyokunywa yamegandia humohumo tumboni yakawa sabuni. Sisemi zaidi.

Ile hasira ilinisaidia maana nilianza kusoma, na nilichogundua ni kwamba nilikuwa sijui kabisa ini langu linafanya nini, nilikuwa nalijua kama kitoweo tu. Ini la mtu mzima lina kama kilo moja na nusu, na kila dakika linapitisha karibu lita moja na nusu ya damu. Kama robo tatu ya damu hiyo inatoka kwenye utumbo moja kwa moja, yani ukila kitu kikasharabiwa, mara nyingi hakiruhusiwi kwenda kwenye moyo wala ubongo kabla hakijapita kwa ini. Ni kama mzigo wa bandarini, huwezi kuutoa melini ukaupeleka Kariakoo bila kupita forodha, na hawa forodha wa ini hawalali wala hawaendi kunywa chai. Pombe, panadol, homoni zilizomaliza kazi, ile ammonia inayobaki mwili ukishatumia nyama na maharage, vyote vinakaguliwa pale. Ammonia inageuzwa kuwa urea, figo zinaichukua unaikojoa. Vile vitu vyenye asili ya mafuta ambavyo havikubali maji, ini linavibadilisha na kuvibandika kitu kama lebo ili vikubali kuyeyuka, vingine vinaenda figo, vingine vinamwagwa na nyongo kwenye utumbo vitoke na choo.

Figo nazo ni habari nyingine, zinachuja kama lita 180 kwa siku na karibu yote zinairudisha mwilini, wewe unakojoa lita moja na nusu hivi. Lita 180 ni karibu pipa zima la maji jamani, mimi kwenye lile beseni ziliingia lita ngapi, nne?

Ila hapo kwenye nyongo ndo nilipokaa muda mrefu, maana ndipo ini na tumbo vinapokutana. Kile ambacho ini limeshakibandika lebo na kukitupa kwenye utumbo, sio lazima kitoke. Kuna bakteria wa tumboni wana uwezo wa kuibandua ile lebo, kitu kikawa huru, kikasharabiwa tena na kurudi kwa ini lilelile lililokitoa. Na asidi za nyongo zenyewe nyingi zinarudi zinatumika upya, ila ukiwa umekula nyuzinyuzi za kutosha, kama zile za maharage na nafaka, baadhi zinanaswa zinaondoka na choo, na ini linalazimika kutengeneza nyingine kwa kutumia kolesteroli ya mwili. Kwahiyo mtu akiniuliza leo mwili unatoaje sumu kiasili namwambia ini libadilishe, figo zichuje, na choo kitoke kwa wakati, na kati ya hayo matatu ambalo mimi na wewe tuna sauti nalo kila siku ni la mwisho.

Na hizo nyuzinyuzi haziishii kusukuma choo. Sisi hatuwezi kuzimeng'enya, bakteria ndo wanaweza, wanazichachusha wanatoa asidi fulani ndogondogo, na mojawapo ndo chakula kikuu cha seli za utumbo mpana. Usipowapa nyuzinyuzi wanakosa kazi, wengine wanageukia kula ule ute unaolinda ukuta wa utumbo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Wahadzabe wetu wa kule Ziwa Eyasi, kwa mizizi wanayochimba na ubuyu na matunda ya porini, wanakula gramu 100 na kupita, na mwaka 2014 ulitoka utafiti kuhusu bakteria wa matumbo yao wakakutwa na aina nyingi kuliko Wazungu waliolinganishwa nao. Mimi kwa chipsi yai na mkate mweupe na soda sidhani hata kama nilikuwa nafika kumi.

Kulikuwa na daktari mpasuaji wa Ireland aliyeitwa Denis Burkitt, mzee wa jicho moja (lingine lilitoboka akiwa mtoto), aliingia Uganda 1946 akafanya kazi miaka mingi hospitali ya Mulago pale Kampala. Aliona magonjwa yaliyojaa kwenye hospitali za kwao, bawasiri, kidole tumbo, saratani ya utumbo mpana, huku vijijini hayaoni mara kwa mara. Akaja kuanza kupima vinyesi, uzito wake na muda chakula kinachotumia kupita tumboni, akalinganisha watu wa vijijini Afrika na Waingereza. Wa vijijini choo kikubwa, laini, kinapita haraka. Jambo ambalo bibi yangu angemwambia bila mzani.

Ila kabla sijafika kwa bibi, kuna sumu moja lazima niiseme maana ndiyo sumu kweli na hakuna anayeiuzia chai. Sumukuvu. Ile sumu inayotengenezwa na ukungu wa kwenye mahindi na karanga zilizovunwa vibaya au kuhifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 hapa Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliumwa macho ya njano matumbo yamevimba, wagonjwa 68 na kati yao 20 wakafa, chanzo ni mahindi ya nyumbani yaliyoingia kuvu. Kenya 2004 kule Ukambani, Makueni na Kitui, walikuwa 317 na waliokufa 125. Kuchemsha haiiondoi, ugali unaiva vizuri tu na sumu iko ndani. Na ini hapa ndo linanihuzunisha, kwasababu linafanya kazi yake ya siku zote, linaipokea sumukuvu linajaribu kuibadilisha, na katika kuibadilisha linatengeneza kitu kikali zaidi kinachong'ang'ania kwenye vinasaba vya seli zake. Linajiumiza kwa uaminifu. Panadol ukizidisha ni hivyohivyo, sio kidonge chenyewe, ni kile ini linachokigeuza. Kwahiyo mtu anayekuambia "tuliongeze ini nguvu lifanye kazi haraka" muulize haraka ya kufanya nini hasa.

Sikuhizi karanga nachambua moja moja mezani na watoto, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotoboka, inatupwa, hatuwapi kuku. Na dona nanunua mahindi mwenyewe nayaangalia, nayapepeta, ndo napeleka mashine, maana dona la kufungwa la duka usilolijua limesagwa na vumbi lake lote.

Haya. Desemba ikafika na sisi Wachagga mnatujua, mji unabaki mtupu tunapanda kwetu Kilimanjaro. Nikafika Kibosho kwa bibi nikiwa nimebaki mifupa na aibu. Bibi ana miaka themanini na kitu, anaingia kihamba chake, lile shamba la migomba la nyumbani, kila siku kukata majani ya ng'ombe. Nikamsimulia yote, beseni, chai, dripu. Akanyamaza akanitazama, akasema, "Mjukuu wangu, kwahiyo umetoa pesa ili uharishe?" Nikasema ndio bibi. "Laki na themanini?" Na tano, bibi. Akaita watu wa nyumba nzima waje wasikie.

Wiki ya kwanza alinipa mtori tu na maziwa yaliyoganda ya kwenye kibuyu. Alafu kiburu, ndizi na maharage vimepondwa, na mboga za majani za nyuma ya nyumba kila mlo, sio kijiko cha pembeni kama tunavyopakua Dar, ni nusu sahani. Maharage asubuhi yaliyobaki usiku. Parachichi limedondoka lenyewe. Hakuna aliyesema neno tumbo wala ini wala sumu. Siku ya tano nilipata choo asubuhi nikiwa bado sijaosha uso, dakika mbili nimemaliza, nikatoka nje nikamkuta bibi anafagia nikataka kumwambia nikaona haya.

Na mbege ipo, sikukuu bila mbege haipo. Ndizi mbivu zinachemshwa zinaachwa siku kadhaa zichachuke, alafu inatengenezwa mso, uji wa ulezi uliooteshwa, na msesewa, lile gome chungu, vinachanganywa, inalala, kesho watu wanapokezana kata. Mimi nilionja, baba watoto alifanya zaidi ya kuonja.

Sasa sikieni. April 2025 ukatoka utafiti kwenye jarida la Nature Medicine, umefanyika Kilimanjaro kwetu, watafiti wa Moshi pale hospitali ya KCMC na wenzao wa chuo cha Radboud Uholanzi. Walichukua wanaume 77. Wa kijijini wanaokula vyakula vya asili wakapewa vyakula vya kizungu vya kusindikwa wiki mbili, wa mjini waliozoea vya kizungu wakapewa vya asili wiki mbili, na kundi lingine la mjini wakanywa mbege wiki moja. Wiki mbili tu! Wa kijijini damu yao ikaanza kuonesha dalili za uchochezi mwilini (yani kinga inawaka kama vile kuna jeraha au ugonjwa), kinga ikapungua uwezo wa kupambana na vijidudu. Wa mjini waliorudi kwenye vya asili ikawa kinyume, uchochezi ukashuka, na walipopimwa tena wiki nne baadae baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo. Na wa mbege nao uchochezi ukashuka.

Mnajua kilichotokea nyumbani kwangu. Baba watoto aliprint. Akabandika kwenye friji. Mwanaume ambaye hajawahi kusoma hata karatasi ya shule ya mtoto wake alinisomea jarida la kitabibu kwa sauti. Nikamwambia baba, hiyo ni wiki moja na kipimo maalum, sio madumu, na mbege ni pombe na pombe inapita forodha ileile ya ini, na ini halijui kama ndizi zilikuwa za kwa bibi. Hakunisikia vizuri siku hiyo.

Kwa wasiotumia pombe togwa ipo, na hii nayo Watanzania wenzetu waliifanyia utafiti miaka ya 90, watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa waliharisha kidogo kuliko waliolishwa uji wa kawaida, kwasababu ile asidi ya kuchachuka inawanyima nafasi vijidudu wabaya. Mimi natengeneza ya ulezi na kimea, Jumapili jioni, Jumanne iko tayari.

Niliporudi Dar nilifanya kosa moja nalisema msilirudie. Kwa hamasa ya kijijini nikapika makande mchana, maharage usiku, kunde asubuhi. Jamani. Nyumba ilihama. Kama tumbo lako limezoea mkate mweupe miaka kumi, wale bakteria wa kula maharage wamebaki wachache, ukiwamwagia gunia siku moja gesi yake utaijutia. Ongeza kidogo kidogo, wiki mbili tatu, na maji unywe, maana nyuzinyuzi bila maji ni kama simenti. Maharage loweka usiku kucha, ule mchuzi wa kulowekea mwaga, kuna sukari fulani zinazoleta gesi zinaondoka humo. Matembele, mlenda, mchicha, kisamvu, bamia, mnavijua. Viazi na ndizi vikipoa kuna wanga unageuka unakuwa mgumu kumeng'enywa na unafika mpaka kwa bakteria, kwahiyo kiporo nacho kina heshima yake, ilimradi kililala mahali pa baridi. Na nimeacha ile tabia ya tumbo likiuma kidogo tu mtu anaenda duka la dawa kununua Flagyl mbili, Ampiclox nne, bila kipimo, unaua wabaya na wazuri pamoja.

Kukosa choo kwangu kulikuwa ni kwa chakula tu, ila sio kwa kila mtu. Ukiona damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, unapungua bila sababu, macho ya njano, mkojo wa rangi ya kokakola, usikae na makande wala togwa wala ushauri wangu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na kuna kitu yule daktari kijana aliniambia natoka wodini nikakipuuza mpaka Januari. Aliniuliza, dada, umeshapima homa ya ini B? Nikasema hapana. Akasema wewe umelipa karibu laki mbili kusafisha ini na hujui kama lina virusi. Ikaniuma. Watoto wa sasa wanaipata chanjo yake kliniki, ndani ya ile sindano ya wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, sisi wakubwa wengi tulipita bila. Na homa ya ini B ikikutana na sumukuvu kwenye mtu mmoja, hatari ya saratani ya ini inapanda sana. Basi nikapima, mimi na baba watoto, wote hatuna, tukachanjwa, Januari, Februari, na ya tatu Julai. Kadi iko kwenye friji, imebandikwa juu ya ule utafiti wa mbege.

Yule dada bado tuko naye ofisini. Hatujagombana, na yeye aliuziwa kama mimi, nahisi bado ana maboksi ndani hajui ampelekee nani. Juzi kwenye lifti akanitazama tazama, akasema mwenzangu sikuhizi umenawiri, ngozi inang'aa, lile beseni bado unaloweka?

Naloweka dada, nikamwambia. Kila Ijumaa usiku, kilo mbili, maharage ya njano.